Kutoka "Wewe" hadi "Nyinyi": Mabishano ya Siasa Mtandaoni kati ya Majirani wa Mpakani

Katika toleo hili tumeombwa na wazee wa soko tuandike juu ya jambo ambalo zamani hatukulihesabu kuwa ni kazi ya polisi: jinsi watu wanaotofautiana kisiasa wanavyoweza kuzungumza kwa simu zao na bado wakasalimiana asubuhi. Twajua kwamba wapo watakaoona jina la polisi juu ya makala inayohusu siasa na mitandao, wakadhani ni onyo la kuwafunga watu vinywa. La hasha. Raia ana haki ya kumpenda kiongozi, kumchukia, kumcheka na kumkosoa. Tunaloandika ni kuhusu jambo linalotokea baada ya hapo, pale mtu anapoacha kumkosoa kiongozi na kumgeukia jirani yake.

Mji wa Busia umegawanywa na mpaka, lakini damu yake haikugawanyika. Wasamia wako Uganda na Kenya, Iteso kadhalika. Hata neno bodaboda, ambalo sasa lasemwa Afrika Mashariki nzima, yasemekana lilizaliwa hapa hapa mpakani, kutokana na waendesha baiskeli waliovusha abiria baina ya vituo viwili vya forodha. Tangu Februari 2018, Rais Yoweri Museveni na Rais Uhuru Kenyatta walipozindua rasmi kituo cha pamoja, msafiri hukaguliwa mara moja tu, kwenye upande anaouingia. Kwa hiyo mtu hupiga kura upande huu na kununua unga upande ule. Humwoza binti upande ule na kumzika baba upande huu. Tena kalenda zetu za uchaguzi zimepishana. Uganda hupiga kura mwanzoni mwa mwaka, kama ilivyokuwa Februari 2016 na Januari 2021. Kenya hupiga kura Jumanne ya pili ya Agosti, kama ilivyokuwa 2017 na 2022. Kwa familia yenye wapiga kura pande zote mbili, kampeni moja haijapoa vizuri kabla nyingine haijaanza kupigiwa ngoma.

Tutasimulia kisa kimoja kilichofika mezani petu. Majina hatutayataja, wala soko lenyewe.

Palikuwa na kundi la WhatsApp la wafanyabiashara wa mpakani. Wamo wauza mahindi, wauza dagaa, wabadilishaji fedha, makuli, madereva wa malori na vijana wa bodaboda. Siku za kawaida kundi lile lilikuwa na manufaa kuliko mabango yetu yote: bei ya gunia asubuhi hiyo, urefu wa foleni ya malori, mtoto aliyepotea akiwa na shati la rangi fulani, noti bandia zilizoonekana. Sisi wenyewe tulikuwa na ofisa mmoja ndani yake, naye hakuwa na mazoea ya kusema sana.

Usiku mmoja wa msimu wa kampeni za Kenya, mtu alituma video ya mkutano wa hadhara. Kijana mmoja wa bodaboda, raia wa Uganda, akaandika kwamba mgombea yule ni tapeli na ahadi zake hazitekelezeki. Akajibiwa na namba nyingine: "Wewe huna kura Kenya. Nyamaza." Naye akarudisha: "Nina pikipiki. Mafuta yakipanda huko, huku yanapanda. Yananihusu."

Tunaomba msomaji asimame hapo kidogo. Mpaka hapo hakuna kosa lolote, na tukiulizwa tutasema kijana alijenga hoja nzuri. Mafuta yanayotumika Uganda kwa sehemu kubwa hupita Kenya. Asiye na kura anaweza kabisa kuwa na maslahi. Lau mjadala ungeendelea juu ya mafuta, kundi zima lingefaidika.

Haukuendelea juu ya mafuta. Namba ile ikaandika: "Nyinyi Waganda hamjui kuchagua, mnatawaliwa na mtu mmoja tangu tuzaliwe." Kijana naye: "Nyinyi Wakenya kila uchaguzi mnauana." Ndipo namba ya tatu, iliyokuwa kimya miezi mingi, ikaingia na maneno haya: "Kwekwe hung'olewa. Warudi kwao kabla hatujawarudisha." Kufikia saa tano usiku watu kadhaa walikuwa wamekwisha kujitoa, na kabla ya alfajiri kulikuwa na makundi mawili, moja la kila upande wa mpaka.

Asubuhi yake mama mmoja muuza dagaa, Mkenya mwenye kibanda upande wa Uganda, alifika ofisini kwetu akiwa ameshika simu kwa mikono miwili. Hakuja kushitaki. Alitaka kujua kama afungue kibanda siku ile au arudi nyumbani. Yeye ndiye aliyeandika "nyamaza" na "nyinyi Waganda". Tulipomwita kijana, ikadhihirika kwamba wanafahamiana sana: ndiye ambebeaye magunia yake ya dagaa, mara mbili kwa wiki. Ila mtandaoni picha ya mama ilikuwa ua, na picha ya kijana ilikuwa sura ya mwanasiasa, na hakuna aliyekuwa amehifadhi namba ya mwenziwe kwa jina hilo alilotumia kundini.

"Mama, sikujua ni wewe," kijana akasema.

"Na kama si mimi, ingekuwa sawa, mwanangu?"

Hakujibu. Wala sisi hatukuwa na la kuongeza.

Namba ya tatu, iliyoandika habari za kwekwe, ilikuwa ya mtu anayeishi mbali na mpaka, ambaye hakuwa amekanyaga sokoni kwa takriban miaka miwili. Suala lake tulilipeleka kwa wenzetu wa upande wa pili, nasi hatutalizungumzia zaidi. Lakini tumeliona jambo hili zaidi ya mara moja, nalo lafaa kuzingatiwa na kila mwenye simu: aghalabu anayeandika maneno makali kuliko wote ni yule ambaye hatakuwapo watu watakapokutana kisimani kesho yake.

Hasara haikuishia kwenye aibu. Wiki chache baadaye noti bandia za shilingi elfu moja za Kenya ziliingia sokoni. Upande mmoja ulitahadharishwa saa tatu asubuhi. Upande wa pili haukupata habari mpaka alasiri, kwa sababu aliyeziona alikuwa katika kundi lingine. Wafanyabiashara watatu walikwisha kuzipokea. Kwa mtu ambaye mtaji wake wote ni elfu kumi, noti mbili za bandia ni shimo kubwa.

Tangu kisa hicho, kila simu inapoletwa ofisini kwa sababu ya ugomvi wa kisiasa, jambo la kwanza tunalolitafuta katika mazungumzo ni mahali ambapo "wewe" iligeuka kuwa "nyinyi". Karibu kila mara pako, na karibu kila mara ndipo palipoharibikia. Mtu anaposema "wewe umekosea," anayeambiwa aweza kujitetea, kueleza, hata kukubali. Anaposema "nyinyi mmekosea," anayeambiwa hana la kueleza, kwani hawezi kusema kwa niaba ya mamilioni. Na wengine wote waliokuwa wakisoma kimya sasa wamekwisha kutajwa. Ugomvi wa watu wawili umepata wapiganaji mia mbili kwa neno moja. Lugha yetu imetupatia pia njia ya kuepuka hatari hii, nayo ni nyepesi: "serikali yenu", "chama chako", "huyo mgombea wako". Chama kina msemaji, kabila halina. Serikali yaweza kubadilishwa kwa kura. Mtu hawezi kubadilisha alikozaliwa.

Hatua inayofuata baada ya "nyinyi" ni ile iliyochukuliwa na namba ya tatu, yaani kuwapa watu jina la kitu. Kwekwe ni neno jema shambani. Kila mkulima amepata kulisema akiwa na jembe mkononi. Madoadoa nayo ni alama za kawaida juu ya ng'ombe au kitambaa. Hata hivyo, Aprili 2022, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya Kenya, NCIC, ilipotangaza orodha ya maneno yanayotumiwa kuchochea chuki wakati wa siasa, kwekwe na madoadoa yalikuwa ndani yake, pamoja na mende. Sababu yake haihitaji kamusi. Kwekwe hung'olewa, madoa hufutwa, mende hupondwa. Anayeitwa hivyo amekwisha kuambiwa atakalotendewa, ila kitenzi kimeachwa bila kutamkwa ili msemaji apate pa kujifichia.

Nchi zetu zimelipa gharama ya maneno hayo. Nchini Rwanda, radio ya RTLM, iliyoanza kutangaza mwaka 1993, iliwaita Watutsi inyenzi, yaani mende, kabla na wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyokuwa ikikaa Arusha, iliwatia hatiani Desemba 2003 watu watatu wa vyombo vya habari, wawili wa redio hiyo na mmoja mhariri wa gazeti. Na ingawa rufaa ya 2007 ilipunguza adhabu zao, hatia haikufutwa yote. Miongoni mwao hakuna aliyehitaji kushika panga kwa mkono wake ili awe na la kujibu.

Kenya nayo, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ilishuhudia ujumbe mfupi wa simu ukipita kutoka mkono hadi mkono, ukitaja makabila na kuhimiza watu wahamishwe. WhatsApp haikuwapo bado. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133, na mamia ya maelfu walikimbia makazi yao. Wakazi wa mpakani wenye umri wa kutosha hawahitaji tume kuwakumbusha, kwani maelfu walivuka Busia na Malaba kuingia Uganda, wengi wakiwa na mkeka na sufuria tu. Wakati huo huo reli iling'olewa, malori yakakwama, na bei ya petroli ikapaa huku kwetu na hata Rwanda. Kijana yule alipoandika "kila uchaguzi mnauana" alikuwa akiugusa msiba huo kana kwamba ni kichekesho, na mama yule, kama alivyotueleza baadaye, alikuwa mmoja wa waliovuka.

Sasa tuseme kidogo juu ya sheria, kwa sababu twaulizwa mara nyingi. Katiba ya Uganda ya 1995, katika kifungu cha 29, na Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 33, zote zinalinda uhuru wa kutoa maoni. Ile ya Kenya yataja wazi kwamba uhuru huo haujumuishi propaganda ya vita, uchochezi wa vurugu wala matamshi ya chuki. Na Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, kifungu cha 13, yaweka adhabu ya faini isiyozidi shilingi milioni moja, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Uganda nayo ina kosa la kuchochea utengano wa kikabila na kidini katika Kanuni ya Adhabu.

Yatupasa pia kusema yale yanayotuhusu sisi. Sheria ya Uganda ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011 ilikuwa na kifungu cha 25 juu ya mawasiliano ya kuudhi, na watu walishitakiwa kwacho. Januari 2023 Mahakama ya Katiba ilikibatilisha, kwa kuwa maneno yake hayakuwa na mipaka inayoeleweka: raia hakuweza kujua mapema ni lipi linaloruhusiwa na lipi linalokatazwa. Askari aliyezoea kudhani kwamba kila neno linalomuudhi mkubwa ni jinai alipaswa kujifunza upya, na hatuoni haya kuliandika. Kuudhika peke yake si ushahidi wa kosa. Mtu akija kwetu na kusema, "Huyu amemtukana kiongozi wangu," tutamkaribisha kiti na maji, lakini huenda tukamrudisha nyumbani bila kufungua jalada.

Je, azungumzeje basi anayetaka kushindana kwa hoja na bado awe na wateja? Hatuna kanuni nzito. Tuna mambo machache tuliyoyaona yakifaa.

La kwanza tumelichukua barazani. Mzee anayejua baraza hajibu hoja kabla hajairudia kwa maneno yake: "Kama nimekuelewa, ndugu yangu, wasema ushuru huu unamwonea mchuuzi mdogo." Mwenziwe akikubali kwamba ndivyo alivyosema, ndipo jibu hutolewa. Mtandaoni watu huona hilo ni kupoteza data. Lakini mabishano mengi tuliyoyasoma, mwisho wake yanaonyesha wawili waliokuwa wakijibu jambo ambalo hakuna aliyelisema.

Jingine ni lugha yenyewe. Kiswahili cha Busia kinatoka katika mito mingi. Mkenya wa rika la vijana huandika kwa mkato, "toa ushahidi", "acha uongo", na kwake ni kawaida kabisa. Lakini Waganda wengi, hasa wazee, walikisikia Kiswahili kwanza kutoka kambini na kwenye vizuizi vya barabarani, kikiwa lugha ya amri. Kimekuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda kwa marekebisho ya Katiba ya 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri liliazimia kifundishwe kwa lazima shuleni, lakini masikio hayabadiliki kwa azimio. Mtu aliyezoea kuitwa ssebo au nnyabo katika Kiganda akisoma "wewe toa ushahidi", husikia buti. Neno "naomba" huondoa buti hilo. "Naomba utuonyeshe ulikoipata habari hii, kaka" ni swali lile lile, tena lina nguvu zaidi, kwani aliyeulizwa kwa adabu hana kisingizio cha kukwepa. Hata sisi polisi, twakiri, tulichangia sana kukipa Kiswahili sifa hiyo ya ukali; basi mtusamehe tunapohubiri adabu yake.

Utani nao wataka uangalifu. Wakenya na Waganda wamechekana miaka mingi juu ya matoke na ugali, juu ya Kiswahili cha hawa na haraka ya wale, wala hakuna aliyefika kituoni kwa ajili ya ugali. Utani una watani wake, nao hujuana. Ujumbe ukisambazwa kutoka kundi la marafiki hadi kundi la wageni, utani hubaki nyuma na maneno peke yake ndiyo yanayovuka. Utani wa tohara ndio mbaya kuliko wote katika eneo letu, ambako majirani wana mila tofauti kuhusu jambo hilo. Tumeshuhudia ukianza kwa kicheko na kumalizika kwa mawe. Twashauri uachwe kabisa katika siasa.

Kuhusu picha na video, utaratibu ni mfupi. Ujumbe wenye mishale miwili juu yake umepita mikono mingi kabla ya kufika kwako. WhatsApp iliweka kikomo cha kusambaza kwa mazungumzo matano mwaka 2019, na mwaka 2020 ukaongezwa mkazo kwa ujumbe uliozunguka sana, usambazwe kwa mmoja mmoja. Kampuni haikufanya hivyo bure. Video ya ghasia ikikufikia, angalia mabango ya maduka, namba za magari, sare za askari, hali ya hewa. Mara nyingi vitu hivyo husema ni nchi gani na mwaka gani. Africa Check na PesaCheck huchunguza habari za namna hii katika kanda yetu. Nasi tupo, kumpigia ofisa na kuuliza "Je, ni kweli daraja limefungwa?" si usumbufu.

Na ukishindwa kujizuia, usiandike usiku. Twasema haya kwa uzoefu wa majalada: makali mengi yameandikwa baina ya saa nne na saa saba za usiku, baadhi yake na watu ambao kinywaji kilikuwa karibu. Ujumbe wa WhatsApp waweza kusahihishwa ndani ya dakika 15 tangu utumwe. Dakika hizo ni chache, lakini zimemwokoa zaidi ya mtu mmoja.

Kuomba radhi ni sura inayostahili kukaliwa, kwani wengi huona ni kushindwa. Oktoba 2022, ujumbe uliotumwa Twitter na ofisa wa ngazi ya juu wa jeshi la Uganda, kuhusu kuuteka mji wa Nairobi kwa wiki mbili, uliwasha mitandao ya nchi zote mbili. Wakenya wengi walijibu kwa mzaha, na mzaha ule ulisaidia kupunguza joto. Lakini hapa mpakani wapo walioupokea kwa moyo mzito, kwa sababu majeshi yakigombana, sisi ndio tulio katikati. Siku chache hazikupita kabla Rais Museveni hajatoa taarifa ya kuwaomba radhi Wakenya kwa jina lake mwenyewe. Biashara iliendelea. Ikiwa kiongozi wa nchi anaweza kuandika maneno ya kuomba radhi kwa ujumbe ambao hakuuandika yeye, muuza mahindi na dereva wa lori hawatapungukiwa na kitu wakifanya hivyo kwa waliouandika wenyewe. Radhi nzuri ni fupi, hutaja kosa lenyewe, na hutolewa mahali pale pale kosa lilipofanyika. Kumtukana mtu mbele ya mia mbili kisha ukamwomba radhi faraghani ni nusu ya malipo. Maneno "kama kuna aliyeudhika" hayalipi hata nusu hiyo.

Wasimamizi wa makundi wanatuuliza kama watashitakiwa kwa maneno ya wanachama wao. Jibu letu ni kwamba kila mtu hubeba maneno yake. Lakini msimamizi aliyeona mwito wa kuwafukuza watu na akauacha hapo siku tatu atakuwa na maswali ya kujibu, ya kisheria au ya kijirani. Anao uwezo wa kufuta ujumbe kwa wote na kulifunga kundi kwa muda ili wasimamizi peke yao waandike. Usiku wa matokeo ya uchaguzi, kulifunga kwa saa kumi na mbili si udikteta. Twapendekeza pia kila kundi la mpakani liwe na wasimamizi wawili, mmoja wa kila upande, ili ujumbe ukifutwa asiwepo wa kusema umefutwa kwa sababu ya uraia wa aliyeuandika.

Mambo tunayotaka tuletewe bila kuchelewa ni haya: ujumbe unaotaja mahali na saa ya kuwashambulia watu, unaotoa namba ya simu, nyumba au njia ya mtu ili apatikane na kudhuriwa, unaoamuru kabila, dini au raia wa nchi fulani wahame, na habari ya uongo juu ya kifo au kufungwa kwa mpaka inayosambazwa na mtu anayejua kuwa ni uongo. Piga picha ya skrini inayoonyesha namba, tarehe na saa. Usifute mazungumzo, na usiyasambaze kwa lengo la kuwatahadharisha wengine, kwani hivyo ndivyo tishio la mtu mmoja linavyofika kwa watu elfu. Upande wa Uganda waweza kupitia kwa mwenyekiti wa LC1. Upande wa Kenya, kwa chifu au wazee wa Nyumba Kumi. Ofisi zetu za uhusiano na jamii huwasiliana, wala hutaulizwa kitambulisho cha kupigia kura.

Makundi yale mawili hayajarudi kuwa moja. Tulijaribu kuwaita wasimamizi mara mbili. Mara ya kwanza mvua ilinyesha, mara ya pili walikuja lakini hawakuafikiana juu ya nani afute lake. Kwa sasa mama muuza dagaa yumo katika yote mawili. Kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda hunakili tahadhari na bei kutoka huku kuzipeleka kule, na kule kuzileta huku, akiacha siasa zilale zilipo. Kijana wa bodaboda bado humbebea magunia, na bado hawakubaliani juu ya mgombea yule. Wakiwa njiani hubishana hadi kizuizini, kwa sauti ambayo askari wetu wa zamu huisikia kabla hajaiona pikipiki. Picha ya mwanasiasa kijana ameitoa. Ameweka yake mwenyewe, amevaa kofia ya chuma, namba ya pikipiki ikionekana, ili, kama asemavyo, wateja wamtambue.